Dole la Mchana, Neno la Usiku

MTOTO WA MGONJWA: Mimi nianze na hesabu, maana ndiyo niliyobaki nayo. Jumatatu tuliambiwa mguu wa baba utakatwa chini ya goti. Ijumaa ukakatwa juu ya goti. Katikati hapo kuna mstari mmoja ulioandikwa kwenye faili usiku, na aliyeuandika ni sista huyu hapa. Simwiti mbaya. Nasema tu kwamba goti la baba yangu limepotelea kwenye mstari ule.

MUUGUZI: Mstari naujua, mwandiko ni wangu. Saa 8:40 usiku, mgonjwa anasema hataki kukatwa mguu, daktari wa zamu amejulishwa. Nisingeuandika, kaka, asubuhi yake baba yako angesukumwa kwenye machela mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji akiamini anakwenda kusafishwa kidonda.

DAKTARI: Hapo sikubali. Mzee alielezwa. Nilimweleza mimi mwenyewe kwenye raundi, wanawe wawili wamesimama pale pale, na akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa.

MUUGUZI: Ulilitaja neno "mguu", Dokta?

DAKTARI: Nilisema tutaondoa sehemu iliyokufa.

MUUGUZI: Ndiyo hiyo. Kwa mzee, sehemu iliyokufa ilikuwa vidole viwili, vile vilivyokauka vikawa vyeusi kama kaa la jana. Vidole alishavisamehe zamani. Aliyemwambia habari ya mguu ni jirani yake wa kitanda cha 12: "Mzee mwenzangu, nimesikia kesho unakatwa mguu." Mimi nilikuwa nafungua gozi. Akanishika mkono, na nguvu ile sikujua kwamba bado anayo. Akasema, "Msinikate."

DAKTARI: Nisikilizeni na mimi. Nikitamka "kukata mguu" wodini saa nne asubuhi, saa sita kitanda ni kitupu. Wameshamchukua, wamempeleka kwa mganga wa mizizi, na baada ya wiki mbili wananirudishia mtu ambaye harufu ya mguu wake inatangulia getini. Huyo sasa hata nikimkata nimechelewa. Lugha laini sikuzaliwa nayo. Nimefundishwa na waliokimbia.

MKUFUNZI: Na je, walikimbia kisu, au walikimbia kwa sababu neno liliwafikia njiani, kwa jirani wa kitanda, kwa mfagizi, kwa mama wa uji? Nimefundisha uuguzi miaka mingi, na hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mgonjwa akisikia habari ya mwili wake kwa mtu asiyehusika, anajua amefichwa. Kuanzia hapo hata ukimwambia panadol ni panadol, anaigeuza geuza kwanza.

DAKTARI: Mwalimu, hayo darasani ni mepesi.

MKUFUNZI: Darasani ndiko yanakokuwa mazito, maana huko tuna muda wa kuyatazama.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Naomba na mimi niseme, kwa sababu naona mnazungumza mguu kama kitu cha mezani. Mimi nilikatwa mwaka 2014. Aliyesaini ni mume wangu, na aliambiwa kule nje kwenye korido. Mimi nimelala ndani, akili zangu zote ninazo, nahesabu matundu ya neti. Nilipozinduka, unyayo wa kushoto ulikuwa unawasha. Unawasha kweli kweli, pale katikati. Nikapeleka mkono nikune, nikakuta shuka. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Hata kwamba mguu usiokuwepo unawasha, hakuna aliyeniambia.

DAKTARI: Lakini uko hai, mama.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Niko hai, namshukuru Mungu, na samaki wangu nakaanga pale pale nilipokuwa nakaanga. Na hasira ninayo mpaka leo. Msinilazimishe nichague moja. Watu wakiuona mguu wa bandia wananiambia, "Shukuru." Nashukuru kwa kukatwa. Hasira ni ya kutoulizwa. Hivyo ni vitu viwili, na vyote viwili nalala navyo.

MTOTO WA MGONJWA: Pole mama. Lakini wewe unasema ulikuwa na akili zako zote. Baba yangu usiku ule hakuwa nazo.

DAKTARI: Hilo ndilo nililotaka lisemwe. Jumatatu jioni mzee alikuwa na joto 39.2, sukari 23, moyo unakimbia. Mzee ni fundi cherehani, maisha yake yote amekanyaga cherehani. Sindano ilimwingia unyayoni asijue, kwa kuwa sukari ilishaua mishipa ya fahamu ya mguu. Aligundua siku ya tatu, alipoona kandambili ina damu. Alipoletwa kwetu sumu ilikuwa inapanda. Na sumu ikiingia kwenye damu, akili ni katika vitu vya kwanza kuyumba. Mgonjwa wa hivyo anaweza kukwambia yuko Zanzibar na mwaka ni 1964. Sasa sista anachukua neno la mtu wa hivyo, la saa nane usiku, analipa uzito kuliko dole gumba la saa nne asubuhi. Kwa kipimo gani?

MUUGUZI: Kwa kipimo cha joto, kwanza. Saa nane lilikuwa limeshuka hadi 37.8, dawa ilikuwa imefanya kazi, na nimeliandika. Nikamwuliza siku, akasema ni usiku wa kuamkia Jumanne. Nikamwuliza yuko wapi, akaitaja wodi, halafu akanionyesha kwamba dripu ya kitanda cha 9 imeisha. Ilikuwa imeisha kweli. Mtu anayeiona dripu ya mwenzake kabla ya nesi mwenyewe, sijui mnataka akili ya namna gani.

MTOTO WA MGONJWA: Hiyo ni akili ya kuona dripu. Kujua kwamba utakufa ni akili nyingine.

MKUFUNZI: Kaka, umeuliza swali kubwa kuliko unavyodhani, na lilishafika mahakamani. Uingereza, mwaka 1993. Kuna hospitali inaitwa Broadmoor, wanakofungiwa wagonjwa wa akili waliofanya makosa makubwa. Mmoja wao, ambaye mahakama ilimwita C tu ili kumficha jina, alikuwa na miaka 68, ana skizofrenia, anaamini yeye ni daktari maarufu duniani. Mguu ukaanza kuoza. Daktari wa upasuaji akakadiria kwamba asipokatwa ana nafasi 15 katika 100 za kupona. C akasema heri kufa na miguu miwili kuliko kuishi na mmoja. Jaji Thorpe hakupoteza muda kuuliza kama C ni mgonjwa wa akili, hilo lilijulikana. Aliuliza: anayaelewa anayoambiwa na kuyashika? Anayaamini? Anaweza kuyapima mpaka akafikia uamuzi? Akaona anaweza. Mguu haukukatwa, na C hakufa kwa donda lile.

DAKTARI: Hadithi hiyo, mwalimu, huwa inasimuliwa nusu. C alikubali kuondolewa nyama iliyokufa, akapata dawa na wauguzi wa kumtazama. Na 15 katika 100 maana yake kuna 85 ambao hakuna anayewasimulia, kwa kuwa wamelala chini.

MKUFUNZI: Ni kweli. Simtumii C kusema wanaokataa hupona. Nayataka yale maswali matatu tu. Uliuliza hata moja kabla ya dole gumba?

DAKTARI: Wagonjwa arobaini, raundi moja. Nani anauliza maswali matatu?

MUUGUZI: Nasi usiku tulikuwa wawili kwa wagonjwa 34. Kwa hiyo kama ni kubanwa, tumebanwa wote.

MTOTO WA MGONJWA: Mnazungumza kana kwamba baba alizaliwa wodini kwenu. Ngoja niwaulize, jina hili "muuguzi" mmelitoa wapi? Kwetu mtu akikuuliza mbona huonekani, unamjibu, "Nauguza." Huna sare, huna cheti. Unauguza, maana yake umeacha shughuli zako, unafua shuka za mgonjwa, unamgeuza ubavu, unajua uji anaupenda mzito au mwepesi. Kazi hiyo mmeikuta ina wenyewe. Mimi nimelala korido siku tisa juu ya boksi. Pikipiki yangu nimeiuza. Halafu mtu ananiambia baba "ameamua". Ameamua na nani? Angekufa, mama angekaa eda, madeni yangenifuata mimi, mdogo wangu angeacha chuo. Kifo kiwe cha nyumba nzima, uamuzi uwe wa mtu mmoja?

MUUGUZI: Kaka, bila nyinyi wodi haiendi, hilo nalisema hata mbele ya matroni. Nani angewaogesha wagonjwa 34? Lakini katika siku hizo tisa, mlimwuliza mzee anataka nini?

MTOTO WA MGONJWA: Baba yangu haulizwi. Kwetu mzee hawekwi kizimbani. Unamtazama, unajua.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Mume wangu naye alisema alinitazama, akajua.

MTOTO WA MGONJWA: Mama, mimi si mume wako.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Hapana, mwanangu. Yeye hakuuza pikipiki.

MKUFUNZI: Nisaidie hapo kwenye sheria kidogo, halafu tuendelee. Hakuna anayesema ndugu wafukuzwe. Wenzetu wa Kenya, kwenye Sheria ya Afya ya 2017, wameliandika wazi: mgonjwa aambiwe hali yake, njia zilizopo na madhara yake, aambiwe kwamba anaweza kukataa, na aambiwe kwa lugha anayoielewa. "Sehemu iliyokufa" ni Kiswahili, lakini sidhani kama ndiyo lugha iliyokusudiwa.

DAKTARI: Sawa, mimi nina deni. Na sista je? Kazi yake ilikuwa kuniita nije nizungumze na mgonjwa. Yeye ameandika mstari, na mstari ukasimamisha upasuaji. Tangu lini?

MKUFUNZI: Tangu 1973, ukitaka mwaka. Kile kiapo tunachokiita cha Florence Nightingale hakukiandika yeye. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na ndani yake muuguzi aliahidi kumsaidia daktari kwa uaminifu. Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilipotoa maadili yake mwaka 1953, amri ya daktari bado ilikuwemo. Mwaka 1973 ndipo likaandika kwamba wajibu wa kwanza wa muuguzi ni kwa watu wanaohitaji uuguzi. Miaka themanini kuihamisha sentensi moja.

DAKTARI: Kwa hiyo mtumishi amebadilisha bwana. Alikuwa wa daktari, sasa ni wa mgonjwa.

MKUFUNZI: Ingekuwa hivyo ningekuwa nimefundisha bure. Na hapa namgeukia mwanafunzi wangu, maana naona anatabasamu mapema. Binti, unamkumbuka Eunice Rivers?

MUUGUZI: Namkumbuka, mwalimu.

MKUFUNZI: Wengine hawamjui. Alabama, huko huko Marekani, toka 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi karibu 600, na 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa wanaumwa nini. Hawakutibiwa, hata penisilini ilipokuwa imeshakuwa dawa ya kawaida. Madaktari walikuja na kuondoka. Aliyebaki nao ni muuguzi, Rivers, Mweusi mwenzao. Aliwapitia kwa gari, aliwaletea chakula cha moto, alifika misibani kwao. Walimpenda, na kwa kumpenda hawakuondoka. Nawaambia hivi wanafunzi wangu kila mwaka, hawafurahi: kupendwa na wagonjwa si ushahidi kwamba unawaheshimu. Mgonjwa akishakuamini, unachomwambia hakipiti kwenye chujio. Sasa nakuuliza mbele ya hawa. Mzee alisema "Msinikate." Wewe ukamwambia nini?

MUUGUZI: Nilimwambia ana haki ya kukataa.

MKUFUNZI: Baada ya hapo.

MUUGUZI: Aliniuliza, "Angekuwa baba yako, ungesemaje?"

MTOTO WA MGONJWA: Ukamjibu?

MUUGUZI: Nilimwambia baba yangu alikufa na miguu yake yote miwili.

MTOTO WA MGONJWA: Mungu wangu.

(Hapa mazungumzo yalikatika kidogo. Mimi niliyeyaandika sikuona sababu ya kuliziba pengo. Tangu hapo pia mtoto wa mgonjwa aliacha kumwita "sista".)

MUUGUZI: Ilikuwa kweli. Kisukari hicho hicho. Alikataa kukatwa, nami nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nikamfunga kidonda kwa mikono yangu mpaka mwisho. Nilitaka mzee ajue kwamba namwelewa. Alisikia nini, siwezi kukuapia.

DAKTARI: Alisikia ruhusa.

MKUFUNZI: Au alisikia onyo. Miguu yote miwili, lakini alikufa.

DAKTARI: Hatujui, na kutojua huko ndiko tatizo langu. Tuwe wakweli sasa. Mimi nilificha neno "mguu". Wewe uliingiza marehemu baba yako kitandani. Kati yetu wawili, nani aliyemwachia mzee achague?

MTOTO WA MGONJWA: Hakuna. Mlimchagulia wote, kama mimi. Ila mimi sikujifanya vingine.

MUUGUZI: Nimekubali. Na kosa lingine nalitaja mwenyewe kabla mwalimu hajalifikia. Niliandika "hataki kukatwa mguu", nikafunga faili. Sikumwuliza kwa nini. Mpaka usiku wa Jumatano. Nazungusha bandeji, naye akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei dukani: "Hivi mguu wenyewe mnaupeleka wapi?" Kitanda chake kiko dirishani. Nyuma ya wodi kuna tanuri la kuchomea taka za hospitali, na kila alasiri moshi wake unapita pale. Gozi zake alikuwa anaziona zikipelekwa kule kwenye ndoo. Siku mbili nzima mzee amelala anautazama ule moshi, na mguu wake anauona humo, pamoja na mabomba ya sindano.

MTOTO WA MGONJWA: Kwa nini asiniambie mimi? Kiungo kinafungwa kitambaa, kinazikwa, hakisaliwi, imekwisha. Hata mtoto wa madrasa anajua.

MUUGUZI: Na yeye alijua. Asilolijua ni kama hospitali itakubali kuutoa. Nikamwambia wenyewe wakiomba na kusaini, wanakabidhiwa. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Basi mwambieni daktari." Hakukuambia, kaka, kwa kuwa kila alipofungua mdomo ulimwambia, "Baba, usiwaze." Nilikusikia mara tatu.

MTOTO WA MGONJWA: Nilikuwa namtia moyo.

MUUGUZI: Najua.

DAKTARI: Jambo la dakika moja! Angeniuliza Jumatatu ile ile kwenye raundi, ningemjibu pale pale, na Jumanne goti lake lingekuwepo.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Angekuulizaje kuhusu mguu, baba, na wewe umemwambia vidole?

MTOTO WA MGONJWA: Nimeubeba mimi huo mguu. Mmezungumza sana, lakini hakuna kati yenu aliyeubeba. Ulifungwa kitambaa cheupe, nikaupakata kwenye bajaji. Ni mzito, sijui mnajua? Mguu wa mtu ni mzito kuliko mtoto mchanga. Dereva akauliza, "Mzigo gani huo, bro?" Nikamwambia ni wa baba. Akadhani ni zawadi. Tukauzika jirani na bibi yangu, watu wanne, hakuna aliyejua aseme nini. Na nilipokuwa nafukia niliona ni mrefu kuliko nilivyotegemea, na nikajua urefu ule uliozidi ni wa zile siku nne.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Kwa hilo, mwanangu, sitakudanganya. Mimi goti ninalo, ndiyo maana nasimama jikoni kutwa. Fundi aliyenipimia mguu wa bandia alisomea Moshi, pale KCMC, ambako wanafundisha viungo bandia tangu 1981, na cha kwanza alichoniambia ni kwamba goti ni nusu ya safari. Asiyekuwa nalo anachoka zaidi, anaanguka zaidi, na choo cha kuchuchumaa kinakuwa vita. Kwa hiyo siku nne zile hazikuwa bure. Anayekuambia zilikuwa bure hajawahi kuchuchumaa na mguu mmoja.

MUUGUZI: Sisemi zilikuwa bure. Nasema mzee aliingia chumba cha upasuaji akijua anaingia kufanyiwa nini. Alipozinduka hakutafuta mguu. Aliuliza kama umeshazikwa.

MTOTO WA MGONJWA: Na goti ndilo ada ya kujua?

MUUGUZI: Sina jibu la hilo. Wewe unalo?

DAKTARI: Mimi nataka tuliondoe tanuri, maana linaturahisishia. Chukua mgonjwa mwingine. Haogopi moshi. Ameambiwa mguu kwa jina lake. Akili timamu, maswali matatu ya jaji ameyapita. Anasema sitaki, na ana miaka 45 na watoto wadogo. Unafanya nini?

MUUGUZI: Namfunga kidonda.

DAKTARI: Mpaka lini?

MUUGUZI: Mpaka abadili mawazo, au mpaka mwisho.

DAKTARI: Utapata usingizi?

MUUGUZI: Sitapata. Lakini siwezi kununua usingizi wangu kwa mguu wa mtu.

DAKTARI: Wewe nakuamini, nimekuona ukifunga vidonda. Wenzako je? Nimeona faili zimeandikwa "amekataa matibabu" kwa wino mwekundu, mgonjwa kasainishwa kwamba anaondoka kinyume cha ushauri, na kama hana nauli ya kuondoka analala pale pale. Kuanzia siku hiyo hakuna anayesimama kwenye kitanda kile. Dripu ikiisha, imeisha. Akilia maumivu, si mwenyewe kataka? Na ukiuliza wanakujibu wanaheshimu uamuzi wa mgonjwa. Heri mimi na lugha yangu laini. Mimi nilikuwa namtaka aishi.

MKUFUNZI: Hapo nakuunga mkono, daktari, na sikutegemea. Aliyekataa kisu hajakataa dawa ya maumivu. Hajakataa kugeuzwa wala kuletewa maji. Ukinipa mwanafunzi anayemkata mtu kwa kumdanganya na mwanafunzi anayemwacha mtu aoze kwa kumheshimu, sijui ningemfelisha nani kwanza.

MAMA ALIYEKATWA MGUU: Wafelishe wote, mwalimu, kwani nafasi ni moja?

DAKTARI: Na yote haya yanatokea kwa sababu tunakutana na mguu ukiwa umeshakufa. Mwaka 2004 ulianza mradi wa Hatua kwa Hatua, Tanzania na Asia Kusini, wa kufundisha wahudumu jambo dogo kabisa: mgonjwa wa sukari akija kliniki, mvue viatu. Mtazame katikati ya vidole. Pitisha uzi mgumu unyayoni, uone kama anauhisi. Ukiniuliza mimi, uamuzi wa mgonjwa ungeheshimiwa zaidi hapo kuliko kitandani. Mzee sasa anavuliwa viatu na nani?

MUUGUZI: Kiatu. Nakivua mimi. Kila Alhamisi, kliniki.

MTOTO WA MGONJWA: Na huo mguu uliobaki ukoje?

MUUGUZI: Muulize baba.

MTOTO WA MGONJWA: Nimemwuliza. Ananiambia, "Usiwaze."

MUUGUZI: Basi muulize tena.

MTOTO WA MGONJWA: Nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayekivua hicho kiatu. Kuna kidonda?

MUUGUZI: Kaka, Alhamisi njoo naye. Akikubali uingie, utaingia, tutautazama wote watatu.

MTOTO WA MGONJWA: Na asipokubali?

MUUGUZI: Kuna benchi pale nje.